"Haikugunduliwa" si "Haipo": Kueleza kwa Kiswahili Upimaji wa Vichafuzi Sumu vya Kikaboni katika Majitaka, kwa Mfano wa Busanza, Kigali

Ikisiri

Vichafuzi sumu vya kikaboni hupatikana katika majitaka kwa viwango vidogo mno, ambavyo binadamu hawezi kuvitambua kwa kuona wala kunusa. Ili vipimwe, ni lazima kwanza vitenganishwe na maji, kisha kila kimoja kitenganishwe na vingine. Makala haya yanaeleza kwa Kiswahili hatua za utenganishaji huo, hasa mbinu za kromatografia, na kuchunguza maneno yanayobeba matokeo yake kutoka maabara hadi kwa mwananchi. Eneo la mfano ni Busanza, katika wilaya ya Kicukiro, jijini Kigali. Hoja kuu ni kwamba hatari kubwa katika tafsiri ya ripoti za maabara haimo katika majina marefu ya kemikali, bali katika vitenzi vifupi vya ukanushi. Sumu ambayo "haikugunduliwa" si lazima iwe "haipo". Kiswahili kina nyenzo za kimofolojia za kutenganisha hali hizo mbili, na makala yanapendekeza namna ya kuzitumia.

Maneno msingi: majitaka, vichafuzi vya kikaboni, kromatografia, istilahi, ukanushi, Busanza

1.0 Utangulizi

Busanza ni eneo la makazi katika sekta ya Kanombe, mashariki mwa jiji la Kigali, karibu na uwanja wa ndege wa kimataifa. Katika miaka ya karibuni jina lake limejulikana zaidi kwa sababu ya nyumba zilizojengwa huko kwa ajili ya familia zilizohamishwa kutoka Kangondo na Kibiraro, mitaa iliyokuwa jirani na Nyarutarama, ambayo nyumba zake za mwisho zilibomolewa mwaka 2022. Mitaa hiyo ilifahamika zaidi kwa jina la Bannyahe. Kama wenyeji wanavyolifasiri mara nyingi, jina hilo linatokana na swali la Kinyarwanda ambalo kwa Kiswahili cha adabu ni "wajisaidie wapi?" Mahali palipata jina kutokana na ukosefu wa choo.

Katika makazi ya ghorofa, swali hilo hupata jibu moja na kuzaa mengine mawili: maji yanayotoka chooni, jikoni na bafuni yanakwenda wapi, na yamebeba nini? Swali la kwanza ni la uhandisi. Kwa miaka mingi Kigali imetegemea vyoo vya shimo, mashimo ya majitaka ya kaya na mitambo midogo ya usafishaji katika baadhi ya makazi na taasisi, huku mradi wa mtambo mkuu wa jiji ukielekezwa Giti cy'Inyoni, karibu na mto Nyabarongo. Swali la pili ni la kemia. Lakini likishajibiwa maabara, linageuka kuwa swali la lugha, kwa sababu jibu hutolewa kwa namba na vifupisho vya Kiingereza, nalo humhusu mtu anayeishi kwa Kinyarwanda na Kiswahili.

Rwanda iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Mwaka 2021 Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo iliikubali kuwa miongoni mwa lugha zake rasmi. Urasmi huo hauna budi kupimwa kwa kazi. Lugha rasmi ni ile inayoweza kumweleza raia kilichomo katika maji yake, bila kumtia hofu isiyo na msingi na bila kumpa faraja isiyo na msingi. Makala haya yanaijaribu Kiswahili katika kazi hiyo moja.

2.0 Tunapima nini: maneno matatu yanayopotosha

Istilahi "vichafuzi sumu vya kikaboni" ina maneno matatu, na kila moja lina mtego wake.

2.1 Kikaboni

Katika kemia, kitu cha kikaboni ni kile ambacho molekuli zake zimejengwa juu ya kaboni. Sukari ni ya kikaboni, na DDT pia ni ya kikaboni. Katika lugha ya sokoni, hata hivyo, neno "ogania" na jamaa zake huashiria chakula kisichotiwa kemikali, na katika kilimo tunasema "kilimo hai". Mzungumzaji wa Kinyarwanda ana neno "imborera" kwa mbolea inayotokana na vitu vilivyooza, linalohusiana na kitenzi "kubora", yaani kuoza. Anayetafsiri "vichafuzi vya kikaboni" kwa kuelekea upande huo atamfanya msikilizaji afikirie mabaki ya chakula na samadi.

Upotoshaji huu si mdogo. Vichafuzi vinavyowatia wasiwasi zaidi wanakemia ni vile visivyooza upesi. Mkataba wa Stockholm, uliopitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika mwaka 2004, ulianza na orodha ya kemikali 12 za kikaboni, zikiwemo DDT na dioksini, kwa sababu zinadumu katika mazingira, zinasafiri mbali na kujilimbikiza katika mafuta ya viumbe. Kwa hiyo neno linalomaanisha "kinachooza" linapotumiwa kwa kitu kilichoorodheshwa kwa sababu hakiozi, tafsiri imegeuza maana juu chini.

2.2 Sumu

Neno "sumu" kwa Kiswahili huleta picha ya kitu kinachoua upesi. Kwa Kinyarwanda mambo ni mazito zaidi, kwani neno "uburozi" linatokana na kitenzi "kuroga", ambacho Kiswahili pia inacho. Ndani ya neno hilo yumo mrogaji. Mkazi akiambiwa kwamba maji ya bonde yana "uburozi", anaweza kuuliza ni nani aliyeutia. Neno "ubumara", linalotumika kwa sumu ya nyoka na kwa silaha za kemikali, halidai mtu mwenye nia mbaya, na kwa hiyo lafaa zaidi. Kwa Kiswahili tunaweza kubaki na "sumu", ilimradi tuiambatanishe kila mara na kiasi na muda: sumu kwa nani, kwa kiwango gani, na baada ya kukutana nayo kwa muda gani.

2.3 Kichafuzi

Mitambo mingi ya majitaka hupimwa kwa vipimo vya jumla. Kimoja hupima oksijeni inayotumiwa na vijidudu kwa siku tano katika nyuzijoto 20 za Selsiasi wanapovunjavunja uchafu. Kingine hupima oksijeni inayohitajika kuunguza uchafu kwa kemikali kali kama dikromati ya potasiamu. Vipimo hivi vina manufaa makubwa, kwani vinaonyesha mzigo wa uchafu ambao mtambo au mto utalazimika kuubeba. Lakini havitaji jina la kichafuzi chochote. Majitaka yaliyosafishwa yanaweza kufaulu vizuri katika vipimo vya jumla huku yakiwa bado na mabaki ya dawa za binadamu, viuatilifu, vilainishi vya plastiki, masalia ya sabuni za viwandani, au hidrokaboni za pete nyingi zinazotokana na moshi wa mkaa, kuni na dizeli na kuoshwa na mvua hadi mitaroni. Kiasi cha vitu hivyo ni kidogo mno kuweza kuitikisa jumla.

Tuone udogo huo. Mikrogramu moja ni sehemu moja katika sehemu milioni za gramu. Bwawa la kuogelea lenye urefu wa mita 50, upana wa mita 25 na kina cha mita 2 lina lita 2,500,000. Ili kila lita ya bwawa hilo iwe na mikrogramu moja ya kitu, inatosha kutia gramu 2.5, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai cha sukari. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa benzo-a-pireni, mojawapo ya hidrokaboni za pete nyingi, ni mikrogramu 0.7 kwa lita ya maji ya kunywa. Namba hiyo ni ya maji ya kunywa, nayo haitumiki moja kwa moja kuhukumu majitaka, lakini inatuonyesha ukubwa wa kazi: maabara inatakiwa kutafuta chini ya gramu mbili katika bwawa zima, na bwawa lenyewe limejaa matope, mafuta, sabuni na mabaki ya chakula.

3.0 Kwa nini tutenganishe kabla ya kupima

3.1 Kuchukua sampuli

Kazi huanza na chupa. Kwa vichafuzi hivi chupa huwa ya kioo cha rangi ya kahawia, iliyosuuzwa kwa kiyeyushi safi. Kioo hutumika kwa sababu plastiki inaweza kuachia vilainishi vyake ndani ya maji au kunasa kile kinachotafutwa, na rangi ya kahawia huzuia mwanga usivunje baadhi ya kemikali. Sampuli huhifadhiwa kwenye ubaridi, kwa kawaida karibu na nyuzijoto 4, hadi ifike maabara.

Aina ya sampuli nayo ni sehemu ya matokeo. Sampuli ya papo hapo husimulia habari za dakika moja. Majitaka ya makazi hubadilika tangu asubuhi watu wanapooga, mchana nguo zinapofuliwa, hadi usiku. Sampuli ya kukusanywa, inayochanganya viasi vilivyochotwa kwa saa 24, husimulia habari za siku. Ripoti isiyotaja aina ya sampuli inamwachia msomaji chupa moja iwakilishe mtaa mzima.

Vilevile kuna swali la kuchuja. Hidrokaboni kubwa za pete nyingi hupenda kushikamana na chembe za matope kuliko kuyeyuka katika maji. Maabara ikichuja sampuli, ikatupa matope na kupima maji pekee, inaweza kuwa imetupa sehemu kubwa ya kile ilichokuwa ikikitafuta.

3.2 Kutoa kichafuzi majini

Hatua inayofuata ni uondoshaji, yaani kukitoa kichafuzi katika maji na kukihamishia katika ujazo mdogo wa kiyeyushi. Njia ya zamani hutikisa maji pamoja na kiyeyushi kisichochanganyika nayo. Kemikali zinazopenda mafuta huhama, kisha tabaka mbili hutengana kama mafuta ya taa yanavyoelea juu ya maji. Njia inayotumika sana leo hupitisha maji katika kijineli chenye chembe za silika zilizovikwa minyororo ya kaboni. Vichafuzi hunata juu ya chembe hizo huku maji yakipita, kisha huoshwa kwa mililita chache za kiyeyushi.

Hapa Kiswahili inahitaji kutenganisha vitenzi viwili. Sifongo "hufyonza" maji, maana maji huingia ndani yake. Kichafuzi "hunata" juu ya uso wa chembe bila kuingia ndani. Michakato hii miwili ikiitwa "ufyonzaji", mwanafunzi atashindwa kuelewa kwa nini kilichonata kinaweza kuoshwa kwa urahisi.

Lita moja ya maji ikipunguzwa hadi mililita moja ya kiyeyushi, na vichafuzi vyote vikabaki, mkusanyiko wake umeongezeka mara 1,000. Kisichoonekana kimesogezwa karibu na upeo wa kuonekana.

3.3 Kromatografia: kuvipanga foleni vilivyochanganyika

Mililita hiyo moja bado ina mamia ya vitu. Mbinu ya kuvitenganisha inaitwa kromatografia. Mwanzilishi wake ni mwanabotania Mikhail Tsvet, aliyeieleza mjini Warsaw mwaka 1903. Alipitisha rangi za majani katika mrija uliojaa unga wa kalsiamu kaboneti, na rangi zikajipanga tabaka tabaka: kijani mahali pake, manjano mahali pake. Jina alilolitumia baadaye limeundwa kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya "rangi" na "kuandika". Jina la ukoo la Tsvet nalo humaanisha "rangi" kwa Kirusi.

Historia hiyo ina funzo kwa waundaji wa istilahi. Vichafuzi vingi tunavyopima leo havina rangi. Tungetafsiri jina hilo sehemu kwa sehemu, tungepata istilahi inayoahidi rangi ambazo hazitaonekana. Kutohoa "kromatografia" ni busara zaidi, mradi maelezo yatolewe kwa maneno ya kawaida.

Maelezo yenyewe ni haya. Fikiria kundi la watu wanaoshuka pamoja kwenye basi na kutembea katika barabara moja yenye maduka pande zote. Wote wanasukumwa na mkondo uleule wa watu. Asiyevutiwa na bidhaa hufika mwisho wa barabara mapema. Anayesimama kila dukani hufika mwisho kabisa. Waliokuwa kundi moja wamekuwa foleni. Katika kromatografia, mkondo wa watu ni awamu sogezi, ambayo ni gesi au kimiminika. Maduka ni awamu tuli iliyomo ndani ya safu. Muda ambao kila kemikali hutumia njiani huitwa muda wa ukaaji, nao ndio dokezo la kwanza la utambulisho wake.

Kwa vitu vinavyogeuka mvuke bila kuungua, kama hidrokaboni za pete nyingi na DDT, hutumika kromatografia ya gesi. Safu yake ni mrija mwembamba wenye urefu ambao mara nyingi ni mita 30 na upenyo wa ndani wa milimita 0.25, uliokunjwa ndani ya tanuri ambayo joto lake hupandishwa hatua kwa hatua. Kwa vitu vinavyoharibika kwa joto au visivyopenda kuwa mvuke, kama dawa nyingi za binadamu, hutumika kromatografia ya kimiminika yenye shinikizo kubwa.

3.4 Kigunduzi mwishoni mwa safu

Mwishoni mwa safu hukaa kigunduzi. Kinachoaminika zaidi kwa utambulisho ni spektromita ya tungamo. Katika kromatografia ya gesi, kifaa hiki kwa kawaida hupiga molekuli kwa elektroni, huzivunja, na kupima tungamo za vipande. Kila kemikali huvunjika kwa mtindo wake.

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa spektromita inatambua kemikali kwa vipande vyake, utenganishaji ni wa nini? Jibu limo katika jozi ya benzo-a-pireni na benzo-e-pireni. Zote zina atomu 20 za kaboni na 12 za hidrojeni, na tungamo la molekuli ni 252 kwa kila moja. Vipande vyake hufanana mno. Hata hivyo, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka benzo-a-pireni katika kundi la kwanza, la visababishi vya saratani kwa binadamu, na benzo-e-pireni katika kundi la tatu, la vitu ambavyo ushahidi wake hautoshi kuviainisha. Kinachozitenganisha ni safu, kwa kuwa moja hutoka kabla ya nyingine. Safu isiyotenganisha vizuri huandika pacha wawili kwa jina moja.

4.0 Kutoka kilele hadi sentensi

4.1 Namba hupatikanaje

Kifaa hakitoi mikrogramu. Hutoa mchoro wenye vilele, na kila kilele kina eneo. Ili eneo ligeuzwe kuwa kiasi, maabara hupima kwanza miyeyusho ambayo viwango vyake vinajulikana na kuchora mstari wa ulinganisho. Baada ya hapo hufanya majaribio mawili ya uaminifu. La kwanza ni sampuli tupu: maji safi hupitishwa katika hatua zote, na kitu kikionekana humo, kimetoka maabara yenyewe. La pili ni kiwango cha urejeshaji: mpimaji hutia mikrogramu 1 ya kichafuzi katika sampuli na kuona ni kiasi gani kinarudi. Ikirudi mikrogramu 0.6, njia hiyo inapoteza asilimia 40, na msomaji ana haki ya kujua.

4.2 Vikomo viwili

Mstari wa kifaa hautulii kabisa. Hutikisika hata pasipo na kichafuzi. Kwa desturi, kilele huhesabiwa kuwa kimegunduliwa kikiwa na urefu wa takriban mara tatu ya mtikisiko huo, na huhesabiwa kuwa kinapimika kwa uhakika kikifikia takriban mara kumi. Vizingiti hivi tunaviita kikomo cha ugunduzi na kikomo cha upimaji.

Tuchukue mfano wa kubuni. Chupa moja ya majitaka imegawanywa kati ya maabara mbili, na kiasi halisi cha kichafuzi fulani ni mikrogramu 2 kwa lita. Maabara ya kwanza ina kikomo cha ugunduzi cha mikrogramu 5, ya pili mikrogramu 0.05. Ya kwanza itaandika kwamba kichafuzi hakikugunduliwa. Ya pili itaandika 2. Hakuna iliyosema uongo. Lakini mtu akichukua ripoti ya kwanza na kuwaambia wakazi, "Hakuna sumu katika maji," uongo umezaliwa katika tafsiri, bila aliyekusudia kudanganya.

4.3 Mofolojia ya tahadhari

Hapa ndipo Kiswahili inapoonyesha uwezo ambao haujatumika ipasavyo. Tulinganishe kauli nne kuhusu sumu.

(a) "Hakuna sumu" na "Sumu haipo." Kauli hizi hukanusha kuwapo kwenyewe. Hazina kiambishi cha wakati wala nafasi ya mtendaji, na msikilizaji huzipokea kama ukweli wa kudumu.

(b) "Sumu haikugundulika." Kauli ya kutendeka huifanya sifa ikae katika sumu yenyewe, kana kwamba ndiyo isiyoweza kugundulika. Chombo kimefichwa.

(c) "Sumu haikugunduliwa." Kiambishi "-ku-" huifunga kauli katika tukio lililopita, na kauli ya kutendwa, kwa kiambishi "-w-", huacha mlango wazi kwa swali: haikugunduliwa na nani, kwa kifaa gani, hadi kiwango gani?

(d) "Sumu iligunduliwa, lakini haikuweza kupimwa kwa uhakika." Kauli hii ni ya eneo lililo kati ya vikomo viwili. Inakiri kuwapo na inakataa kubuni namba.

Kati ya kauli hizi, ni (c) na (d) pekee zinazosema kile ambacho maabara inakijua. Kauli (c) ikamilishwe kwa kikomo chake: "Sumu haikugunduliwa kwa njia inayoweza kuona kuanzia mikrogramu 0.05 kwa lita." Tahadhari hiyohiyo inahitajika kwa alama ya "<". Alama "<0.05" ikisomwa "chini ya 0.05", wengi huelewa kwamba kipo kiasi kidogo. Maana yake ni kwamba kipimo hakina neno la kusema chini ya hapo: huenda kipo, huenda hakipo.

5.0 Safari ya maji na safari ya neno

Mtu anaweza kusema kwamba mkazi wa Busanza aelezwe kwa Kinyarwanda, basi. Ni kweli, na makala haya hayapendekezi Kiswahili ichukue nafasi hiyo. Lakini maji hayabaki Busanza. Maji ya Kigali huelekea mabondeni na katika maeneo oevu, kisha katika mfumo wa Nyabarongo. Nyabarongo hupokea Akanyaru, na mfumo huo huendelea kwa jina la Akagera, hugusa mipaka ya Burundi na Tanzania, na hatimaye huingia Ziwa Victoria nchini Uganda. Mto unapovuka mpaka hupoteza irabu moja ya jina lake, lakini vichafuzi vinavyodumu havijali mipaka. Mvuvi wa Bukoba na mkazi wa Busanza wana haki ya kusoma matokeo ya mto mmoja kwa maana moja, na lugha wanayoweza kukutania ni Kiswahili.

Msingi wa istilahi upo. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya mwaka 1990 iliweka hazina kubwa ya maneno ya kemia. Kilichobaki nyuma ni sentensi sanifu za kutolea matokeo. Kamusi humpa mfasiri neno la kifaa, lakini haimwambii aseme nini kifaa kinaponyamaza. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar na Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria iliyoko Kisumu zishirikiane kuandaa kiolezo cha ripoti ya umma chenye mambo matano:

1. Sampuli: ilichotwa wapi, lini, kwa namna gani, na kama ilichujwa.
2. Orodha ya vichafuzi vilivyotafutwa, kwa sababu kisichotafutwa hakiwezi kugunduliwa.
3. Kikomo cha ugunduzi na kikomo cha upimaji kwa kila kichafuzi.
4. Matokeo kwa moja kati ya kauli tatu pekee: "haikugunduliwa", "iligunduliwa, haikuweza kupimwa kwa uhakika", au namba yenye kipimo chake.
5. Kiwango cha kulinganishia, pamoja na maelezo kama ni cha maji ya kunywa au cha majitaka yanayomwagwa.

Jambo la pili linastahili msisitizo. Kromatografia hutafuta kwa orodha. Maabara iliyopima hidrokaboni 16 za pete nyingi, zilizo katika orodha mashuhuri ya Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani, haijasema lolote kuhusu viuatilifu. Ripoti yake ikifupishwa kuwa "maji yamepimwa na ni salama", kimya kuhusu viuatilifu kimegeuzwa kuwa ushahidi.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba kupima vichafuzi sumu vya kikaboni katika majitaka ni kazi ya kutenganisha: maji na kichafuzi, kichafuzi na kichafuzi, kilele na mtikisiko wa kifaa. Mfasiri na mwanahabari wanapaswa kuendeleza kazi hiyohiyo kwa maneno, kwa kutenganisha kisichokuwapo na kisichoonwa, na kisichoonwa na kisichotafutwa. Mwanakemia akitumia safu ya mita 30 kutofautisha pacha wawili wa tungamo moja, kisha sentensi moja ikayachanganya matokeo yake yote katika neno "hakuna", gharama ya kipimo imepotea.

Wanaisimu wa Kiswahili wamejadili kwa muda mrefu kama lugha hii inaweza kubeba sayansi. Ripoti ya majitaka inaonyesha kwamba uwezo huo hauko katika nomino peke yake. Umo pia katika "-ku-" na "-w-", viambishi ambavyo mtoto wa darasa la tatu anavimudu. Tunapowafundisha wafasiri wa sayansi, tuanzie hapo.